Oili ipi itiwe kwenye difu ya pikipiki ya magurudumu manne, na oili ya injini inavujia wapi?

#1 Mpwani wa Paje

Assalaam alaikum wakuu. Ninakodisha kwa wageni pikipiki za magurudumu manne hapa Paje, na nina mambo mawili kuhusu mojawapo. Injini yake ni ya silinda moja, sisi (cc) 400, inapozwa kwa maji, inatumia mkanda badala ya gia za kukanyaga, na ina shafti zinazopeleka nguvu kwenye difu (kisanduku cha gia kinachogawa nguvu kwa magurudumu) ya mbele na ya nyuma. Ilinunuliwa mkononi, kitabu chake hakikuja nayo.

La kwanza ni oili ya difu. Duka limenipa 85W-140, ambayo ni nzito, fundi wangu anataka 80W-90, iliyo nyepesi zaidi, ya daraja la GL-5, na jirani yangu anayefanya kazi hii hii anasema GL-5 inakula shaba, kwa hiyo nitie GL-4 tu. Kwa upande wangu naamini kwamba katika joto na mchanga wa pwani oili nzito ndiyo inayolinda meno ya gia, na anayeona vinginevyo namwomba anipinge kwa hoja.

La pili ni kwamba kila asubuhi nakuta oili sakafuni chini ya injini, upande wa kushoto kuelekea nyuma. Fundi wa kwanza anasema gasketi inayoziba maungio ya nusu mbili za bloku ya chini imekufa, na injini lazima ipasuliwe. Wa pili anasema ni sili tu, yaani ringi ya mpira inayozuia oili isipite kwenye shafti. Kupasua injini katika msimu wa wageni ni hasara kubwa, ndiyo maana nauliza kabla ya chochote kufunguliwa.

#2 Spana Kumi na Nne

Wa alaikumu salaam, mkuu. Usikubali injini ipasuliwe mpaka umepaona kwa macho yako pale oili inapotokea. Tone la sakafuni linaonyesha oili ilipoishia tu. Oili hushuka ikifuata mbavu za bloku, hutambaa juu ya nyaya, hukusanyika kwenye bamba la kinga la chini, kisha pikipiki inapotembea upepo huisukuma nyuma, na ndiyo sababu karibu kila uvujaji wa juu huonekana kama gasketi ya bloku ya chini.

Anza kwa kuvua bamba la kinga na plastiki za pembeni. Funika kabureta na viungio vya umeme kwa mifuko, paka injini mafuta ya taa kwa brashi, osha na ukaushe kabisa, lakini maji ya kasi usiyaelekeze kwenye sili wala kwenye radieta. Ikishakauka nyunyizia poda ya mtoto kwenye viungo vyote, washa injini ikiwa imesimama mpaka feni ya radieta ianze kuzunguka, kisha zima na utazame kwa tochi. Oili itachora mstari mweusi juu ya poda nyeupe. Ukikosa kitu, endesha mwendo mfupi na utazame tena, kwa sababu baadhi ya sili huvuja pale tu injini inapobeba mzigo.

Palipolowa juu kuliko pote ndipo pa kushuku kwanza. Tazama kifuniko cha valvu, kikaza cheni ya taimingi, kifuniko cha kichujio cha oili pamoja na ringi yake ya mpira, mipira inayokwenda kwenye kipoza oili kama ipo, kifuniko cha sumaku ya kuchajia pamoja na grometi, yaani mpira unaoziba tundu la nyaya zinazotokea humo, boliti ya kumwagia oili na washa yake. Gasketi ya bloku ya chini iwe ya mwisho kabisa. Inaweza kufa, ndiyo, lakini kuitengeneza ni kazi ya injini nzima na kuvihakiki hivyo vingine ni kazi ya alasiri moja.

Poda ikishindwa, ipo rangi maalumu inayochanganywa kwenye oili na kung'aa chini ya taa ya urujuanimno. Mafundi wa viyoyozi vya magari huwa nayo taa hiyo.

#3 Mwenye Spea wa Darajani

Kuhusu difu, mimi nasimama na 85W-140. Joto likipanda oili hulainika, na oili iliyolainika mno hukatika kati ya meno ya gia, chuma kikasaga chuma. Wateja wangu wenye malori na matrekta hutumia hiyo, na sijapata kuletewa lalamiko. Tena, sili iliyoanza kuchoka huizuia oili nzito vizuri zaidi kuliko nyepesi.

#4 Mkemia wa Vilainishi

Ndugu Mwenye Spea amesema kweli kuhusu joto, lakini namba za chupa hazisomwi hivyo. Oili za gia hupimwa kwa ngazi ya SAE J306 na oili za injini kwa SAE J300, na ngazi hizo mbili hazilingani. Oili ya gia ya 90, ikiwa kwenye nyuzi 100 za Selsiasi, ina mnato, yaani uzito wake wa kutiririka, wa sentistoki 13.5 hadi 18.5. Oili ya injini ya 40 ni 12.5 hadi 16.3, na ya 50 ni 16.3 hadi 21.9. Kwa hiyo anayedhani kwamba 90 ya gia ni nzito maradufu kuliko 50 ya injini anadanganywa na namba, maana zote zinakaa karibu eneo moja. Oili ya gia ya 140 ndiyo iliyoruka mbali, kuanzia 24 hadi 32.5.

Sasa linganisheni na watengenezaji. Vitabu vya ATV (pikipiki za magurudumu manne) nyingi za shafti za Honda na Yamaha hutaja oili ya SAE 80 ya gia za haipoidi, ambazo meno yake huteleza yakibanana, ambayo kwenye nyuzi 100 haifiki sentistoki 11. Difu ya lori hubeba lita kadhaa na gia zake ni kubwa, ilhali difu ya pikipiki hubeba mililita mia chache tu, na beringi zake ni ndogo. Oili nzito mno huchelewa kufika kwenye beringi hizo, hula nguvu za injini, na msuguano wake wa ndani nao huzalisha joto lile lile mnalolikimbia.

Namba iliyo kabla ya herufi W inahusu baridi. Oili ya 80W hupimwa kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri na ya 85W kwenye nyuzi 12 chini ya sifuri, kwa hiyo huko Paje namba hiyo haikuhusuni. Ninyi tazameni namba ya pili.

#5 Shambani Makete

Huku kwetu namba ya kwanza ina maana yake. Mwezi wa sita na wa saba sakitu (umande ulioganda) hulala juu ya majani, na pikipiki yetu ya shamba la viazi ilikuwa na 140 kwenye difu zote mbili. Asubuhi ukiisukuma kwa mkono ikiwa huru ilikuwa inakataa kama ng'ombe aliyefungwa kamba, lakini ikishatembea kidogo inalegea. Tulipobadilisha tukatia 80W-90 ugumu huo uliondoka. Sisemi kwamba 140 iliharibu gia, maana tulipoifungua difu meno yalikuwa mazima. Nasema tu kwamba ilikuwa inakula nguvu bure.

#6 Mswahili wa Bidiya

Nawasalimu kutoka Oman. Mimi niko Bidiya, ukingoni mwa mchanga wa Sharqiya, ambako biashara ya pikipiki hizi ni kubwa na kiangazi joto la kivulini hupita nyuzi 45.

Namheshimu Mkemia, lakini vitabu hivyo vinatoa namba kwa matumizi ya kawaida, na mchanga mlaini si matumizi ya kawaida. Tairi linazama, injini inalia kwa nguvu zote huku mwendo ukiwa mdogo, na upepo wa kupoza difu haupo. Mimi hutia 85W-140 difu ya nyuma, inayobeba mzigo wakati wote, na 80W-90 ya mbele. Lakini lililonisaidia kuliko uzito wa oili ni kuibadilisha mapema. Oili chache ndani ya difu ndogo huchafuka upesi, na boliti ya kumwagia, ikiwa na sumaku nchani, ukiifuta itakueleza hali ya gia. Unga laini wa kijivu ni uchakavu wa kawaida, lakini vipande vinavyokwaruza kidole ni dalili ya jino au beringi.

#7 Mpwani wa Paje

Shukran sana nyote. Nimefuata maelekezo ya Spana (#2). Kifuniko cha valvu ni kikavu, na kikaza cheni ni kikavu. Kuna mstari mweusi unaoshuka kutoka pale nyaya za sumaku ya kuchajia zinapotokea, upande wa kushoto. Chini ya pampu ya maji, ambayo iko upande huo huo, poda imelowa, ila sikuweza kutambua kama unyevu huo umeshuka kutoka kwenye nyaya au umeanzia hapo. Kiungo cha bloku ya chini kimelowa sehemu ya chini tu, juu ni kikavu.

Mengine mawili niliyoyaona ni kwamba oili ya injini ilikuwa imepita alama ya juu ya kijiti, na difu ya nyuma nayo imelowa upande wa kushoto, pale ekseli inapoingia.

#8 Bi Mwani wa Jambiani

Kaka Mpwani, hilo la ekseli lishughulikie kwanza. Ufukwe wetu, kuanzia kwenu Paje mpaka huku Jambiani, umejaa kamba za mwani zilizokatika na mishipi ya wavuvi. Pikipiki ikipita juu yake, kamba hujizungusha kwenye ekseli, hujivuta taratibu mpaka kwenye mdomo wa sili na kuukata. Ukitazama haraka huoni kitu, kwa kuwa kamba imeshajificha nyuma ya kinga ya vumbi. Zungusha gurudumu polepole huku umemulika tochi, na ukiona uzi wowote usiuvute kwa nguvu, ufungue kinyume cha ulivyojizungusha.

Kaka yangu alibadilisha sili ya upande mmoja mara kwa mara akidhani ananunua sili mbovu, kumbe mshipi ulikuwa bado umo ndani ukiikata kila sili mpya.

#9 Spana Kumi na Nne

Ahsante Bi Mwani, hilo nitalichukua hata kwa wateja wangu wa bara. Mpwani, kuna uwezekano kwamba una uvujaji wa aina mbili, ukiuhesabu kama mmoja. Chukua karatasi nyeupe, gusa oili ya chini ya injini, kisha gusa ya difu kwa karatasi nyingine, na uzinuse. Oili ya gia ina harufu kali ya salfa ambayo haifichiki, na oili ya injini iliyotumika huwa na harufu ya moshi na petroli. Rangi usiitegemee. Ukipata salfa kwenye karatasi ya kwanza, basi hata hiyo injini unayoambiwa uipasue haijavuja kitu.

#10 Kijana wa Mambrui

Wakuu, mmeliruka jambo kubwa lililomo katika #7. Oili imepita alama ya juu. Injini iliyojazwa oili kupita kiasi huichapa oili kwa krenki (shafti kuu inayozunguka chini ya injini) mpaka inatoa povu, hewa ya ndani inabanwa, na presha hiyo hutafuta mlango. Mlango halali ni mpira wa kupumulia unaokwenda kwenye kisanduku cha kichujio cha hewa. Ukiwa umeziba kwa mchanga au tope la nyigu, presha itapitia kwenye sili iliyo dhaifu. Utabadilisha sili, na mwezi ujao itavuja nyingine.

Hapa Mambrui tunapeleka wageni kwenye vilima vya mchanga, na jambo la kwanza ninaloangalia pikipiki ikivuja ni kimo cha oili, la pili ni mpira huo. Fungua kisanduku cha kichujio, na ukikuta kichujio kimelowa oili, umepata nusu ya jibu.

Mtazame pia namna mnavyopima. Pikipiki nyingi kijiti hupimwa kikiwa kimewekwa tu bila kukazwa nyuzi zake, na ukikikaza utasoma namba ya juu kuliko ilivyo. Na kwa wenye pikipiki za mashindano zenye tangi la oili la pembeni, kama Yamaha Raptor 660 na Suzuki LT-Z400, kupima asubuhi kabla ya kuwasha ni kosa la hatari. Usiku oili hushuka kutoka tangini na kuingia chini ya injini, kijiti kinaonekana kikavu, mtu anaongeza, kisha akiwasha oili yote inarudi na kufurika kwenye kichujio cha hewa.

#11 Mswahili wa Bidiya

Kijana amesema vema, na difu nayo inapumua. Ina mpira wake mwembamba unaopanda juu chini ya kiti au karibu na usukani. Difu ikipata joto, hewa ya ndani hutanuka, na mpira ukiwa umeziba oili husukumwa nje kupitia kwenye sili ya ekseli. Kisha ukiingia kwenye maji ghafla, difu inapoa, hewa inasinyaa, na maji yanavutwa ndani kupitia sili ile ile. Ukiona oili ya difu imekuwa nyeupe kama chai ya maziwa, usitafute chupa ya uzito mwingine, safisha mpira huo kwanza. Kwenu ni maji ya bahari, na beringi iliyoonja chumvi haisubiri.

#12 Mkemia wa Vilainishi

Nilisahau kujibu swali la GL-4 na GL-5. Herufi hizo hazihusu uzito wa oili, zinahusu viungio (kemikali zinazoongezwa kwenye oili) vya kuhimili shinikizo, hasa vya salfa na fosforasi. Kwa kawaida GL-5 ina takriban maradufu ya viungio hivyo kuliko GL-4, kwa sababu ilikusudiwa gia za haipoidi, ambazo meno yake huteleza na kubanana sana. Oili ikipata joto, salfa hujishika kwenye chuma na kufanya utando unaozuia meno yasishikane.

Sifa ya kula shaba ilitokana na giaboksi za magari zenye ringi za shaba za kulinganisha mwendo wa gia. Humo GL-5, hasa ya zamani, haikufaa. Oili za GL-5 hupimwa kwa ukanda wa shaba unaozamishwa kwa saa 3 kwenye nyuzi 121, kwa hiyo si kwamba watengenezaji hawalijui tatizo. Difu ya ATV haina ringi hizo. Kwa maoni yangu, 80W-90 ya GL-5 kwenye difu ya pikipiki hiyo ni salama.

#13 Fundi Mstaafu wa Tanga

Wanangu, nimesoma uzi wote na nimefurahi. Mkemia ameeleza vizuri, lakini kauli yake inaweza kumfanya mtu adhani kwamba difu ya ATV haina shaba kabisa. Ringi za kulinganisha mwendo hazimo, hilo kweli. Lakini nimezifungua zenye bushi za shaba kwenye ekseli ya kati, na nyingine zenye sahani za msuguano difu ya mbele ili gurudumu moja lisizunguke peke yake. Mpwani hajatuambia pikipiki yake ni ya aina gani, na hajaifungua.

Liko pia la breki. Baadhi ya pikipiki, zikiwemo baadhi ya Kawasaki Brute Force, zina breki ya nyuma ya sahani nyingi inayozama ndani ya oili ya difu. Humo oili ya kawaida ya gia ni hatari, kwa sababu viungio vyake hufanya sahani ziteleze au zilie. Kitabu hutaka oili ya aina ya matrekta, ile inayofanya kazi ya gia, haidroliki na breki za ndani kwa pamoja, kama Mobilfluid 424. Kwa hiyo kabla ya kuchagua kati ya 90 na 140, tazama gurudumu la nyuma. Ukiona diski au ngoma ya breki nje, endelea. Ukikosa kuviona, simama hapo hapo.

La mwisho ni kwamba nimeona watu wakitia oili ya gia kwenye injini kwa kuwa eti giaboksi imo ndani ya injini hiyo. Giaboksi inayoshirikiana oili na injini hutumia oili ya injini, na kama klachi inazama kwenye oili, chupa iwe na alama ya JASO MA au MA2, inayoonyesha kwamba oili hiyo inafaa klachi ya namna hiyo. Oili za magari madogo zilizoandikwa kwamba zinaokoa mafuta, mara nyingi za 30 kushuka chini, zina viungio vya kuteleza ambavyo klachi haivipendi.

#14 Kijana wa Mambrui

Mzee wangu, ya Mpwani ni ya mkanda. Hiyo JASO MA inamhusu kweli? Zile za sisi 150 zenye mkanda zina klachi kavu, na JASO MB inatosha.

#15 Fundi Mstaafu wa Tanga

Inategemea, mwanangu. Zile ndogo za sisi 150 ulizozitaja klachi yake ni kavu, imo nyuma ya mkanda, na giaboksi yake ndogo ina oili yake peke yake. Lakini nyingi za kuanzia sisi 400 zina mkanda na bado zina klachi ya kujishika injini ikiongeza mwendo, inayozama kwenye oili ya injini. MA haimdhuru mwenye klachi kavu, ilhali MB humdhuru mwenye klachi ya oili. Akiwa hana kitabu, achague MA.

#16 Mwenye Spea wa Darajani

Nimemwelewa Mkemia kuhusu namba, ila kwa mchanga bado nakubaliana na ndugu yetu wa Bidiya, na 140 kwenye difu ya nyuma siiondoi rafuni.

Naomba kuongeza kwamba mjadala wote huu hauna faida kama chupa si halali. Kagueni alama ya ubora ya TBS (Tanzania Bara), ZBS (Zanzibar) au KEBS (Kenya) kulingana na mlipo, tazameni kama mfuniko umewahi kufunguliwa, na msinunue oili ya kupimiwa kwenye chupa ya maji. Hiyo inaweza kuwa oili iliyotumika na kuchujwa.

#17 Shambani Makete

Mwenye Spea, ile 140 ukikosa wa kumuuzia tuletee huku tuitie kwenye trekta.

#18 Mpwani wa Paje

Nimerudi na majibu. Karatasi ya difu inanuka salfa, ya chini ya injini hainuki salfa, kwa hiyo kweli ni uvujaji wa aina mbili. Kwenye ekseli ya kushoto nimekuta mshipi na vipande vya kamba ya mwani chini ya kinga ya vumbi, kama alivyosema Bi Mwani. Mungu ambariki. Breki ya nyuma ni ya diski, iko nje.

Kwenye injini nimepunguza oili mpaka katikati ya alama. Mpira wa kupumulia ulikuwa na tope gumu mdomoni, nimeusafisha. Tangu hapo oili sakafuni imepungua sana, lakini haijakoma. Poda mpya inaonyesha unyevu mahali pawili bado, pale zinapotokea nyaya, na kwenye kitundu kidogo kilicho chini ya pampu ya maji.

#19 Spana Kumi na Nne

Kitundu hicho hakikutobolewa bure. Kiko kati ya sili ya maji na sili ya oili za shafti ya pampu, ili mojawapo ikichoka kinachovuja kitoke nje na kisichanganyike na kingine. Kikitoa maji ya radieta, sili ya maji imechoka. Kikitoa oili, ni sili ya oili. Usikizibe kwa silikoni hata kidogo, maana maji yatapata njia ya kuingia kwenye injini. Mimi naweka shaka yangu yote kwenye sili ya pampu.

#20 Kijana wa Mambrui

Na mimi bado nasema ni grometi. Imo juu kuliko kitundu, oili ikitoka hapo inashuka na kukilowesha kitundu kwa nje, nawe ukaona kama imetoka ndani. Kisokote kitambaa kidogo juu ya kitundu, chini ya nyaya, kisha washa. Kitundu kikibaki kikavu, pampu haina kosa. Au pengine presha ya zamani imeshailegeza grometi, na sasa hata presha ya kawaida inatosha kuipitisha oili.

#21 Fundi Mstaafu wa Tanga

Vyote viwili vinawezekana, na la tatu lipo. Gasketi ya kifuniko cha sumaku yenyewe inaweza kuwa imepasuka kwenye kona, karibu na grometi. Ukikivua kifuniko, kwangua gasketi ya zamani kwa kipande cha mbao au plastiki, usitumie bisibisi, kwa sababu mkwaruzo mmoja kwenye aluminiamu ni njia mpya ya oili. Silikoni ipakwe nyembamba kuzunguka grometi tu. Wanaoijaza hadi inafinywa ndani, kipande hukatika na kwenda kuziba njia ya oili. Tazama pia shafti ya pampu. Ikiwa sili ya zamani imechimba mfereji juu yake, sili mpya itavuja vile vile, isipokuwa ukiisogeza kidogo ili mdomo wake ukae mahali palipo laini.

#22 Mpwani wa Paje

Nitafanya jaribio la kitambaa kesho alfajiri kabla wageni hawajafika. Sili za ekseli nimeshaagiza, pande zote mbili. Difu ya nyuma nitaitia 80W-90 ya GL-5 kwa sasa, na nitaifungua mapema kuitazama sumaku kama alivyoshauri ndugu yetu wa Bidiya.

#23 Mswahili wa Bidiya

Utakapoifungua, tupigie picha ya sumaku na ya oili ikiwa kwenye chombo cheupe. Ikitoka nyepesi sana na nyeusi baada ya muda mfupi, nitarudi hapa kuitetea 140 yangu.

#24 Mkemia wa Vilainishi

Na ikitoka safi utuambie pia. Halafu hakuna aliyeuliza difu ya mbele ina nini ndani. Mzee wa Tanga ametaja sahani za msuguano, na kama zimo, hiyo GL-5 isiguse difu hiyo kabla hujapata kitabu. Namba ya fremu, ya kutafutia kitabu hicho, unayo?